Ohm 50 za waya wa antena huzipati kwa mita: nilivyojifunza kwa hasara

Jumatatu usiku nilipata ujumbe kutoka kwa kijana wa Moshi, nimeusoma mara tatu. Nauweka hapa kama ulivyo, nimetoa jina tu:

"Shikamoo fundi. Mimi niko Majengo, nafunga ving'amuzi na kamera. Sasa nimepata kazi ya redio koli za kampuni ya ulinzi. Nimenunua waya wa antena wa ohm 50, mita 20. Nimeupima kwa mita: waya wa katikati ncha kwa ncha unasoma 0.7, na katikati na neti haisomi kabisa. Hiyo 50 siioni popote. Nimeuziwa feki? Nirudishe dukani?"

Mdogo wangu, marahaba. Waya wako ni mzima. Usiurudishe. Tena nakupongeza, kwa sababu swali hilo mimi sikuliuliza, na kutokuliuliza kulinigharimu redio, antena, mteja na jina. Nimefanya kazi hii hapa Arusha miaka kumi na minne sasa, na bado kuna ofisi moja kule Njiro ambayo nikipita barabarani nageuza shingo kuangalia mlingoti wake. Leo naandika kwa ajili yako na kwa ajili ya mafundi wote mnaotaka kutoka kwenye ving'amuzi mkaingia kwenye mawasiliano, maana najua wengi mnaosoma hapa ndiyo ndoto yenu kama ilivyokuwa yangu.

Nilianza kama wewe. Mwaka 2013, matangazo ya analojia yalipozimwa kanda hii, kila nyumba ilitaka king'amuzi. Mimi na ngazi yangu tulizunguka Sakina, Kijenge, Kwa Mrombo, mpaka Ngaramtoni. Waya niliokuwa naufahamu ulikuwa mmoja: ule mweupe wa dishi, RG-6. Niliufahamu kwa kidole tu, hata gizani naumenya bila kukata neti, ule wavu wa waya unaozunguka plastiki ya ndani. Pesa ilikuwa ndogo lakini ya kila siku.

Kisha nikapata kazi ya kampuni moja ya utalii, ofisi yake Njiro. Anayeishi Arusha anajua maana yake. Magari ya safari yanatoka hapa alfajiri kwenda Tarangire, Manyara, Ngorongoro na Serengeti, na kila gari lina redio koli na fito la antena. Ukishaingia kwa kampuni moja ukafanya vizuri, dereva anamwambia dereva mwenzake, na msimu mmoja unaweza kukulisha mwaka mzima. Bosi alitaka redio ya ofisini, antena juu ya mlingoti wa paa, na waya wa kushuka mpaka dirishani. Redio alishanunua, ya watti 50. Antena alishanunua, ya ohm 50. Waya akaniachia mimi.

Nilikwenda dukani, nikauliza RG-213. Nikaambiwa bei ya mita moja, nikaizidisha mara kumi na mbili na nusu. Nyumbani nilikuwa na roli la RG-6 lililobaki. Nikajiambia waya ni waya, shaba ni shaba, tena huu wa dishi unabeba masafa makubwa kuliko hiyo redio. Hapo ndipo nilipokosea, na nataka uelewe kosa lenyewe, kwa sababu halikuwa la ubahili peke yake. Nilikuwa sijui namba iliyoandikwa kwenye ganda la waya inasema nini. RG-6 ni ya ohm 75. RG-58 na RG-213 ni za ohm 50. Nilidhani ni mambo ya kiwandani.

Sasa nikueleze namba hiyo, kisha tutarudi Njiro.

Bibi yangu alikuwa Kibosho, na shamba lake lilinyweshwa na mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia migomba. Wachaga wanaosoma hapa hawahitaji maelezo. Siku ya zamu yetu nilitumwa juu kufungua kizuizi. Ukifungua, maji yanaondoka kwa kimo fulani na kasi fulani, na vyote viwili vinatokana na mfongo wenyewe: upana wake, kina chake, mteremko wake. Maji yale hayajui kama kule chini bibi ameacha njia wazi au ameziba kwa migomba. Yatajua yakifika. Yakikuta pameziba, yanapanda, na unaona wimbi linarudi juu ya mfongo kukufuata ulipo. Nilikuwa nalitazama kwa furaha ya mtoto. Miaka mingi baadaye ndipo nilipotambua kwamba niliona somo zima la kebo nikiwa na miaka tisa.

Umeme wa masafa ya redio unasafiri ndani ya kebo vivyo hivyo. Waya wa katikati una tabia ya koili kidogo katika kila sentimita yake. Waya huo pamoja na neti, na plastiki iliyo kati yao, ni kapasita ndogo, yaani kihifadhi chaji, katika kila sentimita. Wimbi linapoingia linalazimika kujaza vikapasita hivyo kimoja baada ya kingine kupitia vikoili hivyo. Kwa sababu hiyo volti fulani inasukuma ampea fulani, na uwiano wa volti kwa ampea wakati wimbi liko safarini ndiyo impedansi bainifu ya kebo. Unaipata kwa kugawa henri za mita moja kwa faradi za mita moja, kisha unachukua kipeuo cha pili. RG-58 ina kama nanohenri 250 na pikofaradi 100 kwa mita. Gawanya, tafuta kipeuo, unapata 50. RG-6 ina kama nanohenri 300 na pikofaradi 53. Inakuja 75. Chukua kikokotoo ufanye mwenyewe, usiniamini mimi.

Hakuna kizuizi cha ohm 50 kilichofichwa humo ndani. Ndiyo maana mita yako haikioni. Ile 0.7 uliyosoma ni ukinzani wa shaba ya mita 20, na ni sahihi kabisa. Ile "haisomi" ni kwa sababu plastiki haipitishi umeme, nayo ni sahihi. Lakini fikiria kitu hiki: ukichomeka betri ya volti 10 kwenye kebo hiyo, ncha ya pili ikiwa wazi haijagusa kitu, kwa muda mfupi mno kebo itavuta ampea 0.2, kana kwamba umeunganisha rezista ya ohm 50. Wimbi bado halijafika mwisho, halijui kwamba mwisho uko wazi. Katika waya wenye plastiki ngumu kama RG-58 linakwenda karibu theluthi mbili za mwendo wa mwanga, yaani sentimita 20 kwa kila nanosekunde. Mita zako 20, kwenda na kurudi, ni nanosekunde 200. Habari ikisharudi kwamba kule ni wazi, mambo yanatulia na mita yako inasema hakuna njia. Ili jicho lako lione 50 kwenye mita kwa sekunde moja tu, ungehitaji kebo ya kilomita 100,000, yaani kuizunguka dunia mara mbili na nusu, tena ya shaba isiyo na ukinzani hata kidogo.

Hapo utaona pia kwa nini urefu hauibadilishi namba. Kipande cha mita moja ni ohm 50, roli la mita 100 ni ohm 50. Unene nao hauibadilishi. RG-58 ni nyembamba kama penseli, RG-213 inakaribia kidole, na zote ni 50, kwa sababu kinachotawala ni uwiano kati ya kipenyo cha plastiki na kipenyo cha waya wa katikati, pamoja na aina ya plastiki. Kwenye RG-58 ni karibu milimita 3 kwa 0.9. Kwenye RG-213 ni 7.2 kwa 2.25. Piga hesabu, zote ni mara tatu na ushei. Kwa sababu hiyo, ukiibana kebo kwa misumari mpaka ikabonyea, pale ilipobonyea uwiano umevurugika, na wimbi litapaona. Nimeona mafundi wanaigonga kebo ya redio ukutani kwa nyundo kama waya wa taa. Jamani, msifanye hivyo.

Turudi Njiro.

Nilifunga kebo yangu ya dishi, mita 12 na nusu hivi. Nikaweka nyuma ya redio mita ya SWR, ile inayoonyesha wimbi linarudi kiasi gani: 1 ni safi, ikipanda ni mbaya. Nikabonyeza maiki. Sindano ikasoma 1.1. Bosi alikuwa amesimama nyuma yangu, akanipiga bega. Magari yakaitwa, yakaitika. Nililala usingizi wa mfalme.

Wiki ya pili wakanipigia: tunahamisha meza, redio iwe karibu zaidi na dirisha, waya umezidi. Nikaenda, nikakata sentimita kama 60, nikafunga konekta upya kwa uangalifu. Nikapima. 1.8.

Nakumbuka rangi ya kile kipande nilichokata, kilikuwa sakafuni kimejikunja kama mdudu. Niliangalia konekta, nikaifungua, nikaifunga tena. 1.8. Nimekata waya tu, sijagusa kitu kingine, na antena iliyokuwa nzuri asubuhi imekuwa mbaya mchana. Ningekuwa na elimu niliyo nayo leo ningejua palepale kwamba kebo imenitolea siri yake. Kebo inayolingana na antena haijali urefu. Ukikata, ukiongeza, redio inaendelea kuona ohm 50 ileile. Kebo isiyolingana inageuza sura ya antena kadiri unavyokwenda nayo. Kwa masafa yale ya karibu megahezi 150, ndani ya RG-6 yenye plastiki ya povu, wimbi moja lina urefu wa kama sentimita 166. Kila sentimita 83 sura inarudi kama ilivyo: antena ya ohm 50 inaonekana 50. Lakini katikati ya hapo, kwenye sentimita 41 hivi, antena ileile inaonekana kama ohm 112. Mita 12 na nusu za mwanzo ziliangukia karibu kabisa na mahali pa kurudi. Ilikuwa bahati, na mimi niliiita ufundi.

Sikujua. Kwa hiyo nilipanda juu ya paa nikaanza kuikata antena.

Nilipunguza fito milimita chache, nikashuka, nikapima. 1.7. Nikapanda tena. 1.6. Nilipanda na kushuka jioni nzima, jua likizama nyuma ya Mlima Meru, mpaka nikapata 1.4, nikajiona nimeshinda. Kumbe antena ilikuwa nzima tangu mwanzo. Nilikuwa naiharibu ili ifanane na kosa la waya wangu. Fito ukishalikata haliongezeki, kila fundi anajua hilo.

Mwezi wa saba msimu ulipochanganya, wakahamisha redio tena, safari hii mpaka mapokezi. Nikaunga kipande kingine cha RG-6, na kwa haraka ya siku ile sikupima. Nilikuja kupiga hesabu baadaye: kwa antena niliyoikata na waya ule, SWR ingeweza kufika 2.5. Wakalalamika sauti imepungua. Nikafanya jambo baya kuliko yote: nikapandisha nguvu ya redio mpaka mwisho. Redio ilikuwa ya bei nafuu, kinga yake dhaifu, na msimu ule maiki ilibonyezwa kutwa. Agosti transista ya mwisho, ile inayosukuma nguvu kwenye antena, ikaungua.

Aliitwa fundi mwingine. Aling'oa waya wangu, akauweka mezani mapokezi mbele ya madereva, akasoma kwa sauti maandishi yaliyoko kwenye ganda: ohm 75. Bosi akaniangalia akasema, "Kumbe ni kishoka." Neno hilo mbele ya madereva wanane. Malipo ya mwisho sikupewa na sikudai. Ndani ya wiki moja kampuni mbili nilizokuwa nimeahidiwa zikawa hazipokei simu. Sitataja kampuni wala fundi yule. Hawakusema uongo. Lakini angeweza kuniita pembeni akanionyesha. Sisi mafundi wa mji huu tuna tabia ya kufurahia mwenzetu akianguka, na tabia hiyo ndiyo inayotufanya tubaki na siri ndogo ndogo mifukoni badala ya kufundishana. Mimi nimeapa sitaificha elimu hii, na ndiyo sababu ya kuandika kurasa hizi zote bila kulipwa.

Miezi iliyofuata nilirudi kwenye ving'amuzi mchana na kusoma usiku. Sitakuchosha na hilo. Nataka nikutajie mtu mmoja tu niliyekutana naye katika kusoma, kwa sababu alinipa moyo. Anaitwa Oliver Heaviside, Mwingereza aliyezaliwa London mwaka 1850. Aliacha shule akiwa na miaka 16, akafanya kazi ya telegrafu, zile simu za maandishi za kwenye waya, masikio yake yalikuwa mabovu, na hisabati alijifunza mwenyewe. Huyo ndiye aliyeandika hesabu za wimbi ndani ya kebo tunazotumia mpaka leo, na neno lenyewe impedansi alilitunga yeye mwaka 1886. William Preece wa posta ya Uingereza, aliyekuja kuwa mhandisi mkuu wake, alimpinga na kumzibia njia alipokuwa akisema kwamba koili ndani ya laini ya simu zinasaidia sauti ifike safi. Baadaye ikaja kuonekana alikuwa sahihi, na pesa ya ugunduzi huo ikaenda kwa wengine Marekani. Nilisoma hayo usiku mmoja umeme ukiwa umekatika, kwa mwanga wa simu, nikalia kidogo. Hakuwa na cheti cha chuo. Alikuwa na swali na hakuliacha.

Kabla ya kazi yake hiyo, mwaka 1858, ulitandikwa waya wa telegrafu chini ya Bahari ya Atlantiki. Ujumbe ulipita kwa shida. Msimamizi wa umeme, Whitehouse, ambaye kitaaluma alikuwa daktari wa upasuaji, aliongeza nguvu mpaka karibu volti 2,000. Waya ukafa ndani ya wiki chache. Niliposoma hivyo niliiona mikono yangu mwenyewe ikipandisha nguvu ya redio kule mapokezi.

Mtu ataniuliza, kwa nini basi ziwepo ohm 50 na ohm 75, si wangechagua moja tukapumzika? Kebo yenye hewa ndani ina hasara ndogo kuliko zote ikiwa karibu na ohm 77. Lakini inabeba nguvu nyingi zaidi ikiwa karibu na ohm 30. Wanaopokea tu, kama televisheni na dishi, walichukua 75 kwa sababu wanataka hasara ndogo. Wanaorusha walichukua 50, katikati ya mahitaji mawili. Kwa hiyo RG-6 siyo waya mbaya, nisieleweke vibaya. Kamera za analojia ni ohm 75, king'amuzi ni ohm 75, hapo iache ifanye kazi yake. Waya wa mtandao wa jozi zilizosokotwa ni ohm 100, ndiyo maana ukizisokotoa sana kwenye konekta spidi inasumbua.

Wenye kazi ya umeme wa nyumbani nao huuliza kama hili linawahusu. Kwa taa na soketi, hapana. Umeme wetu wa hezi 50 una wimbi la kilomita 6,000, na waya wa nyumba ni kitu kidogo mno kuweza kuliona. Lakini nguzo kubwa zinahusika. Ile laini ya kilovolti 400 inayotoka Singida kupita kwetu kwenda Namanga mpaka Kenya ina impedansi yake bainifu, ohm mia kadhaa, wakati kebo ya chini ya ardhi ni makumi tu. Radi ikipiga laini ya juu, wimbi lake linakimbia kama maji ya mfongo, na likifika kwenye transfoma, ambayo kwa wimbi la kasi hiyo ni kama njia iliyozibwa, volti inaweza kupanda karibu maradufu. Ndiyo maana vikinga radi huwekwa palepale karibu na transfoma, wala haviachwi mbali.

Mwezi uliopita nilipigiwa simu na shamba moja la maua upande wa Usa River. Redio yao ya ofisini haisikiki kwenye magari ya shambani, na mafundi wawili walishakuja wakasema antena imekufa, inunuliwe nyingine. Nilifika saa nne asubuhi. Sikupanda juu. Nilimtuma kijana wangu apande aondoe antena, aweke mwisho wa kebo lodi ya kupimia, rezista ya ohm 50 ndani ya kopo dogo la chuma. Chini nikapima. Kama kebo ni ya ohm 50 na ni nzima, ikiwa na lodi ile mita lazima isome karibu na 1. Ilisoma 1.9. Antena haikuwepo hata kwenye waya, basi lawama iko wapi? Tukaifuata kebo kwa mkono kutoka dirishani, kupitia dari, mpaka kwenye kona ambako panya walikuwa wameitafuna siku za nyuma. Pale mtu alikuwa ameunga kipande cha waya mweupe, kama mita moja na nusu, na kuuzungushia tepu nyeusi safi kabisa. Nilikijua kwa kidole kabla sijakimenya. RG-6.

Nilikaa nacho mkononi pale darini kwa muda, vumbi likinijaa machoni. Kisha tukakitoa, tukaweka RG-213 nzima bila kiungo, antena yao ileile ikarudi juu, 1.2. Meneja aliita gari la mwisho kule bondeni, likaitika. Nililipwa siku ileile, na kabla sijaondoka nilimwomba asiwaite wale mafundi wawili vishoka. Niliomba namba zao nikawapigia mwenyewe. Mmoja alipokea.

Basi mdogo wangu wa Majengo, fanya hivi. Soma ganda la waya kabla hujalipa. Soma tena ukifika nyumbani. Redio ya kurusha, antena na kebo viwe vya ohm zilezile, na konekta pia, usichukue ile ya kusokota ya dishi. Usiunge vipande vya namba tofauti, hata sentimita kumi, hata kwa siku moja, hata mteja akikuharakisha. Usiikate antena kabla hujaipima kebo ikiwa na lodi. Narudia, usiikate antena. Na mita ikibadilika kwa sababu umekata kebo kidogo, simama hapohapo, weka koleo chini, soma ganda.

Tena pima kila unapogusa kitu. Kama ningepima siku ile ya mapokezi, redio ya watu isingeungua.

Lodi unaweza kutengeneza. Chukua rezista 20 za kaboni za ohm 1,000, watti 2 kila moja, uziunge sambamba, utapata ohm 50 za watti 40. Usitumie zile za waya uliozungushwa, hizo ni koili na zitakudanganya. Fanya miguu iwe mifupi kadiri unavyoweza, uzipange duara kuzunguka konekta. Kwa majaribio weka redio kwenye nguvu ya chini na ubonyeze maiki sekunde chache tu. Ukiimaliza, ipime kwanza kwa ile mita yako ya kawaida. Hapo sasa utaiona 50 uliyokuwa unaitafuta, kwa sababu hiyo ni rezista ya kweli.

Kama utapata shida ya rezista Moshi, nina zilizobaki. Jumamosi niko Kijenge mpaka saa kumi jioni, panda gari la asubuhi, uje na waya wako wote mita 20 na hiyo redio. Tutaikata kebo pamoja kipande kwa kipande, na utaona mita haitikisiki.